Kinga ya Mguu wa Kushoto

Alikuja Jumatatu, jua likiwa utosini,
akichechemea kama kuku aliyefungwa uzi.
Mbodze, binti Kahindi wa kinu cha unga.
Akavua soksi mbele ya kibanda changu hapa Maweni,
akaupandisha mguu juu ya ndoo ya gundi:
umevimba, una rangi ya zambarau iliyokanyagwa.
"Nani kakupiga?" Nyundo ilikuwa mkononi tayari.
"Mimi mwenyewe."

Akanieleza mambo ya besiboli, nami nikasikiliza kifundi.
Mpira unakuja mbio, wewe umeshika gongo.
Ukiukosa umeukosa, hakuna neno.
Ukiupata barabara unakwenda zake hadi michongomani.
Lakini ukiugusa kidogo tu, kwa chini,
unageuka kama mbwa asiyemjua bwana wake,
unauma mguu uliotangulia.
Wahenga wangesema kikulacho.
Mimi nilisema, "Lete huo mguu."

Miaka ishirini na sita nashona viatu,
sijawahi kuombwa kimoja.
Hata yule bwana wa Ngala aliyekatwa mguu kwa sukari
hununua jozi: kimoja avae,
kimoja akilaze chini ya kitanda.
"Na wa kulia?"
"Wa kulia unakaa nyuma, fundi. Haupigwi."
Nikacheka peke yangu.
Kumbe hata miguu, iliyozaliwa siku moja,
mmoja hutangulia kupokea fimbo.

Nilianza na tairi la trela. Zito.
Angelivaa, angekimbia kama mtu anayeburuta deni.
Nikatafuta kipande cha bomba la maji,
nikakilaza juu ya makaa mpaka kikalegea,
nikakikunja juu ya kalibu namba thelathini na saba,
nikakishika hivyo hivyo, vidole vikiungua,
mpaka kikakubali.
Ndani sponji, ya godoro la kitindamimba wangu,
ambaye siku hizi ananyoa ndevu.
Kamba za begi la shule. Vifungo viwili.
Msharasi uliteleza mara moja:
damu yangu imo humo, chini ya mshono.
Sikumwambia.
Alinilipa mia mbili na mabungo manne.

Jumamosi nilifunga kibanda nikaenda Barani, uwanjani.
Mchezo wenyewe sikuuelewa.
Watu husimama sana,
kisha wote hukimbia kwa pamoja,
kisha anayeshangiliwa ni yule aliyeanguka mavumbini.
Nilikaa juu ya tofali, macho kwenye mguu mmoja.

Nikwambie kweli.
Kila kiatu kinachotoka mkononi mwangu nakiombea:
kisione msumari, kisione chupa, kisione mwiba.
Siku ile, Mola anisamehe,
niliomba kipigwe.
Mpira wa kwanza ukapita. Wa pili ukapaa.
Nikaanza kumnunia mtoto wa watu kwa kupiga vizuri.

Halafu, ko!
Kama mlango uliobishwa na mtu
anayejua kuna watu ndani.
Mbodze akautazama mguu wake.
Akaukanyagisha chini mara mbili, akiuuliza.
Akainua gongo tena.
Nami pale kwenye tofali nikajikuta nimesimama,
napiga makofi peke yangu,
mama mmoja muuza viazi akinitazama
kama mtu aliyeshangilia goli la adui.

Jumatatu akarudi nayo. Ina ufa,
mwembamba, kama mstari wa kiganja.
"Niuzibe?"
"Wacha ufa. Ongeza sponji tu.
Na fundi, Jumwa anataka yake.
Yeye hupigia mkono wa kushoto,
kwa hiyo yake iwe ya kulia."

Sasa zinaning'inia hapa, msumari mmoja,
ya kushoto na ya kulia,
zinagusana upepo ukipita.
Wapita njia husimama, huuliza bei ya jozi.
Nawaambia hiyo si jozi.
Hiyo ni miguu ya watu wawili.